Namna ya Kupiga Picha za Mwezi Mpevu na Anga la Usiku

Watu wengi wanaouelekezea mwezi mpevu kamera kwa mara ya kwanza hupata picha ya aina moja: doa jeupe lisilo na alama yoyote, limezungukwa na weusi mtupu. Lawama huiangukia kamera au lenzi, ilhali mara nyingi vyombo havina kosa. Kilichokosewa ni makadirio ya mwanga. Kamera ikiachwa ijiamulie, hupima fremu nzima, huona kwamba sehemu kubwa ni giza, kisha huacha shata, yaani pazia linalopitisha mwanga, wazi kwa muda mrefu ili giza hilo lipate kuonekana. Mwezi, ambao ni sehemu ndogo sana ya fremu, hupokea mwanga mara nyingi zaidi ya unaouhitaji, na alama zake zote hufutika.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni kwamba uso wa mwezi mpevu ni miamba na vumbi vilivyopigwa na jua la mchana, jua hilihili linalotumulikia sisi, na kwa hiyo hupigwa picha kwa vipimo vya mchana. Anga linalouzunguka ni giza la kweli, na nyota zake huhitaji shata ibaki wazi kwa sekunde nyingi. Tofauti ya mwanga kati ya viwili hivi ni kubwa kiasi kwamba hakuna kamera inayoweza kuvichukua vyote vizuri kwa mpigo mmoja. Kwa sababu hiyo, kabla hujatoka nje amua iwapo unakusudia mwezi wenyewe, mandhari yenye mwezi, ardhi iliyomulikwa na mbalamwezi, au nyota, kwani kila kimoja kina hesabu yake na hata usiku wake.

Vipimo vya mwezi wenyewe

Iweke kamera katika hali ya kujipangia mwenyewe, ile yenye alama ya M. Kanuni iliyozoeleka miongoni mwa wapigapicha inasema kwamba, kwa mwezi mpevu, tundu la lenzi liwe f/11 (namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa) na muda wa shata uwe moja ikigawanywa kwa namba ya ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Ukiweka ISO 100, shata iwe 1/100 ya sekunde. Ukiweka ISO 200, iwe 1/200. Ukilifungua tundu hadi f/8, mwanga unaoingia huongezeka takriban maradufu, basi muda wa shata hupunguzwa kwa nusu: ISO 200, f/8, 1/400. Hivi ni vipimo vya kuanzia, navyo vinahusu mwezi ulio juu angani katika usiku usio na mawingu wala vumbi. Ukiwa chini karibu na upeo wa macho, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi, hufifia na kuwa na rangi ya machungwa, na utahitaji kuongeza muda mara nne, mara nane, au hata zaidi.

Mwezi unapopungua, mwanga wake hushuka kwa kasi kuliko macho yanavyodhani. Mwezi wa nusu, ingawa nusu nzima ya uso tunaouona imemulikwa, hutoa takriban sehemu moja tu ya kumi ya mwanga wa mwezi mpevu, kwa kuwa miale ya jua huupiga kwa ubavu na kila mwinuko hutupa kivuli chake. Kwa mwezi wa nusu, acha shata kama ilivyo na ufungue tundu hadi f/5.6, kwa mwezi mwandamo, fungua hadi f/4, au ongeza ISO ikiwa lenzi yako haifiki huko.

Uzuri wa mwangaza wa mwezi ni kwamba unajulikana na kutegemewa. Mwaka 1941 mpigapicha Mmarekani Ansel Adams aliuona mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez huko New Mexico, wakati miale ya mwisho ya jua ilikuwa karibu kuondoka kwenye misalaba ya makaburini. Alikitafuta kipimamwanga chake asikipate, na muda ulikuwa unamponyoka. Alichokumbuka ni mwangaza wa uso wa mwezi, mishumaa 250 kwa futi ya mraba. Akapiga hesabu kuanzia hapo, akafyatua, na picha ile ikawa miongoni mwa picha mashuhuri zaidi za karne ya 20. Mtu anayekijua kipimo cha mwezi kwa moyo ana pa kuanzia hata kamera yake inapompa majibu ya ajabu.

Baada ya mpigo wa kwanza, ikuze picha kwenye skrini na utazame sehemu nyeupe kuliko zote, hasa eneo la kusini linaloizunguka kasoko (shimo kubwa la duara) iitwayo Tycho, ambalo ndilo huungua mapema. Ukikuta weupe usio na umbile, punguza muda wa shata. Usiuamini mwangaza wa skrini peke yake, kwa sababu gizani skrini huonekana angavu kupita kiasi na kukufanya uridhike na picha iliyofifia. Fungua histogramu, ule mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwangaza kutoka weusi upande wa kushoto hadi weupe upande wa kulia, na uhakikishe kwamba kijilima kidogo cha mwezi kimesogea upande wa kulia bila kuugusa ukingo. Hifadhi picha katika muundo wa RAW, kwani ndio unaotunza tofauti ndogondogo za mwangaza ambazo utazihitaji wakati wa kuisafisha picha kwenye kompyuta.

Ukubwa, lenzi na ukali wa picha

Mwezi huonekana mkubwa machoni, lakini angani unachukua nusu digrii tu. Njia rahisi ya kujua utakuwa mkubwa kiasi gani kwenye picha ni kuugawa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, kwa 110: jibu ni kipenyo cha mwezi juu ya kihisi cha kamera (sehemu inayopokea picha), kwa milimita. Lenzi ya milimita 50 itakupa mwezi usiofika nusu milimita, ndani ya fremu ambayo kwa kamera ya kihisi kamili ina kimo cha milimita 24. Lenzi ya milimita 200 itakupa chini kidogo ya milimita 2, na ya milimita 500 itakupa milimita 4.5, ukubwa unaotosha kuonyesha kasoko na miinuko waziwazi. Simu, kwa lenzi yake fupi, haitaupata mwezi mkubwa bila msaada. Njia inayofaa ni kuiegemeza kwenye kioo cha kutazamia cha darubini, kugusa mwezi kwenye skrini na kushikilia hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha kushusha mwangaza hadi alama zionekane. Baadhi ya simu huongeza alama za mwezi kwa programu, alama ambazo lenzi haikuziona. Mimi ningezima uwezo huo, kwa kuwa picha dhaifu iliyo ya kweli inakufunza jambo la kurekebisha kesho, na ile iliyopambwa haikufunzi chochote.

Umbali wa mwezi hubadilika kutoka takriban kilomita 357,000 unapokuwa karibu kabisa hadi takriban kilomita 406,000 unapokuwa mbali, na kipenyo chake hutofautiana kwa kama asilimia 14 kati ya hali hizo mbili. Tofauti hiyo huonekana tu ukiweka picha mbili pamoja. Ama ule ukubwa wa kushangaza unaoonekana mwezi unapochomoza, huo umo katika macho na akili zetu: kwa kweli mwezi ulio kwenye upeo uko mbali nawe zaidi ya ulio utosini, kwa umbali unaokaribia nusu ya kipenyo cha dunia, na kamera huupiga ukiwa mdogo kidogo.

Kwa lenzi ndefu, mtikisiko mdogo kabisa huharibu kila kitu. Tumia tripodi imara, usiirefushe kuliko inavyohitajika, na ufyatue kwa rimoti au kwa kuchelewesha mpigo kwa sekunde mbili ili mkono wako usiiguse kamera wakati shata inafunguka. Ikiwa lenzi ina mfumo wa kutuliza mtikisiko, uzime kamera inapokuwa kwenye tripodi, maana baadhi ya mifumo hiyo hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta yenyewe. Kumbuka pia kwamba mwezi unasogea angani upana wake mzima kila baada ya dakika mbili hivi. Kwa lenzi ya milimita 500, hata nusu sekunde inatosha kuufanya ukungu, kwa hiyo jitahidi kutoteremka chini ya 1/125.

Kisha kuna hewa. Hewa yenye joto linalopanda huutikisa mwezi kwenye skrini kana kwamba unautazama kupitia maji yanayotiririka, na hakuna lenzi ya kuliondoa tatizo hilo. Epuka kupiga juu ya paa, lami au uwanja uliochomwa na jua mchana kutwa, epuka kabisa kupiga kupitia dirisha, na uiache lenzi nje kwa muda ipoe hadi joto lake lilingane na la hewa. Subiri mwezi upande juu. Piga picha nyingi mfululizo, kwa sababu kuna nukta ambazo hewa hutulia, na fremu chache zitatoka kali kuliko nyingine zote. Programu kama AutoStakkert huchagua fremu bora na kuziunganisha kuwa picha moja safi.

Nitasema wazi kwamba, kama kiu yako ni kasoko na milima, mwezi mpevu si usiku wako. Wakati huo jua linaupiga uso wa mwezi kutoka nyuma yetu, vivuli hutoweka, na umbile lote huonekana bapa. Piga mwezi wa nusu, au siku moja mbili kabla na baada yake, na uutazame mstari unaogawa mwanga na giza: hapo kingo za kasoko hupata mwanga upande mmoja huku vina vyake vikiwa vyeusi. Mwezi mpevu una utajiri wa aina nyingine. Ndipo miale mirefu inayotawanyika kutoka Tycho huonekana vizuri kuliko wakati wowote, pamoja na tofauti za weusi kati ya zile tambarare ziitwazo bahari, kama Bahari ya Utulivu ambako Apollo 11 ilitua mwezi Julai 1969. Ndipo pia mwezi huchomoza wakati ambao ardhi bado ina mwanga, na hilo ndilo linaloupa thamani kubwa kwa mpigapicha wa mandhari.

Mwezi unapochomoza nyuma ya kitu

Picha ya mwezi mkubwa nyuma ya mnara, mti au mtu aliyesimama kilimani haihitaji hila yoyote. Inahitaji umbali. Mwezi hauwezi kuukuza, lakini kitu cha mbele unaweza kukipunguza kwa kurudi nyuma, kisha ukavivuta vyote viwili kwa lenzi ndefu. Hesabu yake inatumia namba ileile ya 110: kitu huwa sawa na kipenyo cha mwezi ukisimama umbali wa mara 110 ya kimo chake. Mtu mwenye kimo cha mita 1.7 atalingana na mwezi ukiwa mita 187 kutoka kwake. Mnara wa mita 30 utalingana nao ukiwa kilomita 3.3, ukisimama nusu ya umbali huo, mwezi utakuwa nusu ya kimo cha mnara.

Umbali huo huleta masharti yake. Kwa kilomita 3.3, kosa la mita 30 mahali unaposimama linauhamisha mwezi kando ya mnara kwa upana wake mzima, kwa hiyo mahali pa kusimama hupangwa kabla, mchana, kwa ramani na kwa miguu. Programu ya bure ya Stellarium itakuonyesha saa na upande hasa ambao mwezi utachomoza kwa tarehe na mahali utakapokuwa. Zingatia kwamba saa inayotolewa ni ya upeo ulio bapa. Palipo na kilima, mwezi utachelewa, na kadiri unavyopanda utakuwa pia umesogea upande. Mwezi mpevu hukaa mkabala na jua, na kwa hiyo katika miezi ya Juni na Julai, jua likiwa upande wa kaskazini, mwezi mpevu huchomoza kusini ya mashariki, na katika Desemba na Januari huchomoza kaskazini ya mashariki. Mahali palipokupa picha mwezi fulani hapatakupa picha hiyohiyo miezi sita baadaye.

Siku ya kuchagua ni muhimu kama mahali. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku ya mwezi mpevu huchomoza jua linapokuwa likitua. Siku iliyotangulia huwa tayari uko juu jua likitua. Siku inayofuata huja giza limekwisha kuingia. Kwa mandhari, siku mbili za kwanza ndizo zenye faida, kwa sababu kuna kipindi kifupi baada ya jua kutua ambapo mwanga wa ardhi na mwanga wa mwezi hukaribiana, na fremu moja inaweza kuubeba mwezi wenye alama zake pamoja na ardhi yenye rangi. Karibu na ikweta, ambako jua huzama wima, kipindi hicho hupita upesi, na mtu ana kama dakika 20 tu za kufanya kazi. Kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, kipindi hicho hurefuka. Alfajiri baada ya mwezi mpevu hukupa nafasi hiyohiyo upande wa magharibi, mara nyingi kwa hewa iliyo safi na tulivu zaidi.

Anza na ISO 400, f/8 na shata ya 1/60, kisha rekebisha kila dakika chache, maana ardhi inazidi kuwa giza huku mwezi ukizidi kung'aa kadiri unavyopanda. Pima kwa kuuangalia mwezi, uuache usiungue, na ukubali ardhi iwe na giza kidogo, kwa kuwa giza linaweza kuinuliwa baadaye, ilhali weupe ulioungua haurudi. Kuhusu fokasi, mnara ulio kilomita tatu na mwezi vitakuwa vikali vyote kwa lenzi ya milimita 400 kwa f/8. Mtu aliye mita 187 hatakuwa hivyo: weka fokasi kwake, funga tundu hadi f/16 ukiongeza ISO kufidia, au rudi nyuma zaidi na umkubali awe mdogo kuliko mwezi.

Wapo wanaopiga mwezi kwa lenzi ndefu, wakapiga mandhari kwa lenzi pana, kisha wakaupachika mwezi huo mkubwa juu ya mandhari. Anayefanya hivyo na aseme. Mtazamaji anapodhani kwamba mwezi ulisimama pale kweli, amedanganywa, na kazi ya yule aliyetembea kilomita tatu kutafuta mstari sahihi inadhulumiwa.

Ardhi chini ya mbalamwezi

Jua hutumulikia kwa nguvu ya takriban mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Ukichukua vipimo vya mchana wa jua, yaani ISO 100, f/16 na 1/100, ukalifungua tundu hadi f/2.8 na kupandisha ISO hadi 800, utahitaji kama sekunde 15 ili ardhi chini ya mbalamwezi itoke angavu kama mchana. Jaribu, utaona jambo la kupendeza: anga huwa bluu, kwa kuwa hewa huutawanya mwanga wa mwezi kama inavyoutawanya wa jua, na katika ule ubluu huchomoza nyota. Ukitaka picha ibaki na sura ya usiku, punguza muda hadi sekunde 6 au 8. Mwezi wenyewe uuache nje ya fremu, uwe nyuma yako au ubavuni. Ukiwa ubavuni, vivuli vya miti na mawe hulala chini kwa urefu na kuipa ardhi umbile.

Nyota na Njia Nyeupe

Mwanga uleule unaoipamba ardhi huzifuta nyota hafifu. Atakaye Njia Nyeupe na achague usiku wa mwezi kuandama au siku chache kandokando yake, au baada ya robo ya mwisho, ambapo mwezi huchomoza usiku wa manane na kuiacha saa ya mapema ikiwa na giza. Giza kamili huingia jua likishafika digrii 18 chini ya upeo, yaani zaidi ya saa nzima baada ya kutua hata pale karibu na ikweta. Nenda mbali na taa za mji, na uyape macho yako dakika 20 hadi 30 za kuzoea. Tochi iwe ya mwanga mwekundu, na skrini ya kamera ipunguzwe mwangaza.

Kitovu cha Njia Nyeupe kiko upande wa makundinyota ya Mshale na Nge. Huonekana vizuri jioni katika miezi ya Juni hadi Agosti, na anayekitaka mapema katika mwaka, kama Machi au Aprili, hana budi kuamka kabla ya alfajiri. Kwa aliye katika tropiki au kusini ya dunia kitovu hicho hupita juu sana, na kwa aliye mbali kaskazini hubaki chini karibu na upeo wa kusini. Miezi ambayo hakionekani ina Jabari, Kilimia na nyota ya Shira, ambazo zinastahili usiku wao.

Tumia lenzi pana, ya milimita 14 hadi 24, yenye tundu la f/2.8 au lililo wazi zaidi, na ISO 3200. Kwa muda wa shata kuna kanuni ya 500: gawa 500 kwa urefu wa fokasi, na jibu ni sekunde unazoweza kuacha shata wazi kabla nyota hazijawa vistari. Lenzi ya milimita 20 hupata sekunde 25. Kanuni hiyo ilitosha enzi za filamu. Kwa vihisi vya leo vyenye pikseli ndogo, napendekeza ugawe 300, upate sekunde 15, kwa sababu vistari huonekana mara tu picha inapokuzwa. Kamera yenye kihisi kidogo cha APS-C huhitaji urefu wa fokasi uzidishwe kwanza kwa 1.5.

Fokasi ndipo wengi wanapopoteza usiku mzima. Fokasi ya kujiendesha haioni kitu gizani, na alama ya mwisho iliyoandikwa kwenye lenzi haiaminiki. Izime ile ya kujiendesha, ielekeze kamera kwenye nyota angavu au sayari kama Mshtarii au Zuhura, washa skrini ya nyuma, na uikuze picha ya nyota hiyo mara kumi. Utaona kiduara kilichotawanyika. Zungusha pete ya fokasi polepole: kiduara kinajikusanya, kinakuwa nukta, na pembeni yake nyota ndogo ambazo hazikuwepo zinaanza kujitokeza. Endelea kidogo kupita hapo hadi nukta ianze kuvimba tena, mara nyingine ikiwa na ukingo wa zambarau, kisha rudi hadi pale ilipokuwa ndogo kabisa. Bandika kipande cha gundi ya karatasi juu ya pete ili isisogee, na ukague tena kila baada ya saa moja, kwani usiku ukipoa lenzi nayo hubadilika. Ikague pia kioo chake cha mbele kwa umande. Picha zinazozidi kuwa laini bila sababu mara nyingi zimefunikwa na unyevu usioonekana gizani.

Chengachenga za ISO kubwa, yaani vidoadoa vinavyotapakaa kwenye picha, hupunguzwa kwa kupiga fremu nyingi za mahali pamoja na kuziunganisha. Fremu 16 hupunguza chenga hadi robo. Programu ya bure ya Siril huzilinganisha nyota na kufanya hesabu hiyo. Ukitaka michirizi ya nyota, fanya kinyume cha yote tuliyosema kuhusu muda: piga fremu za sekunde 30 mfululizo, kwa saa moja au zaidi, bila kuisogeza kamera, na uzime upunguzaji wa chenga wa ndani ya kamera, ambao husimamisha kazi baada ya kila mpigo na kuacha mapengo kwenye mistari. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa, hivyo saa mbili hukupa tao la digrii 30. Ukielekea ncha ya anga, kaskazini au kusini, utapata duara. Ukiwa ikweta na kuelekea mashariki, mistari itapanda karibu wima.

Katika kusafisha, kuwa na kiasi. Rangi ya mwezi ianzie kwenye kipimo cha mwanga wa jua, na ya anga lenye nyota kati ya kelvini 3,800 na 4,500; ongeza utofauti wa mwanga na giza hatua kwa hatua, na uache mara tu kingo za kasoko zinapoanza kupata mstari mweupe usiokuwepo.

Kupatwa kwa mwezi

Kuna usiku mmoja ambapo hesabu zote mbili hutumika katika saa moja. Kupatwa kwa mwezi hutokea wakati wa mwezi mpevu pekee, na hakuhitaji kinga yoyote ya macho wala ya lenzi. Kunapoanza, sehemu ambayo bado inang'aa inahitaji vipimo vilevile vya mchana. Kivuli cha dunia kikishaufunika wote, mwanga unaobaki ni ule uliopinda kupitia hewa ya dunia, mwekundu na hafifu mara elfu nyingi kuliko awali, na nyota zinazouzunguka mwezi huanza kuonekana kwenye picha. Hapo panda hadi ISO 1600, f/5.6 na sekunde moja, kisha angalia na urekebishe, kwa kuwa wekundu huo hutofautiana kati ya kupatwa kumoja na kwingine kulingana na vumbi na mawingu ya angani. Kwa lenzi inayozidi milimita 300, hata sekunde moja itaonyesha mwendo wa mwezi, basi ni heri kupandisha ISO na kuvumilia chenga, au kutumia mtambo unaoizungusha kamera kulifuata anga. Muda wa kujaribu huwa wa kutosha: kupatwa kamili kwa tarehe 27 Julai 2018 kulidumu dakika 103. Andaa betri ya pili, na mwanga wa kwanza unapoanza kurudi kwenye ukingo wa mwezi, rudisha shata upesi kwenye vipimo vya mchana, maana ukingo huo ndio wa kwanza kuungua.